Chama cha wote, lakini hawaji

SWALI: Chama chetu cha wanawake hapa Temeke kiko wazi kwa wote, ila dada wa kazi na wanawake viziwi hawaji. Tunakosea wapi?

JIBU: Anzeni na saa ya kikao. Jumamosi asubuhi dada wa kazi yuko jikoni kwa bosi wake, na pengine bosi huyo ni mwenyekiti wenu! Jaribuni Jumapili alasiri, na msimpe dada huyo kazi ya chai.

Kwa viziwi, wekeni wakalimani wawili wa lugha ya alama wapokezane kila dakika 20. Mmoja pekee huchoka, maneno yakampita. Mkalimani asisimame dirisha likiwa nyuma yake, maana mwanga ukitoka nyuma yake uso na mikono havionekani. Malipo ya wakalimani yatoke kwenye mfuko wa chama, viziwi wasichangishwe.