Kijana wangu hapati usingizi mapema: nimlazimishe au nimwache ajipangie?

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zimeandikwa na mama, msichana na mwalimu, na zote zinahusu usingizi wa vijana.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 16. Kila siku saa 4 usiku namwamuru azime taa, lakini hata ikifika saa 7 nasikia bado anajigeuza kitandani, na asubuhi kumwamsha ni ugomvi mtupu. Nimemnyang'anya simu, nimemgombeza, nimemsihi. Siku hizi nikitaja kulala ananijibu kwamba amechoka kusikia habari hizo. Je, nizidi kumlazimisha, au nimwache hadi ajifunze mwenyewe? (Mama mwenye wasiwasi)

JIBU: Mama, kabla ya kuzungumzia amri na adhabu, naomba tuuangalie kwanza mwili wa mwanao. Mtoto anapoingia katika balehe, saa ya mwili wake, yaani ule mpangilio wa ndani unaouambia ubongo wakati wa kulala na wakati wa kuamka, huanza kuchelewa. Melatonini, ambayo ni homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, hutolewa kwa kuchelewa kuliko ilivyokuwa utotoni, mara nyingi kwa saa 1 hadi 2. Na ule uzito wa usingizi unaojikusanya tangu mtu anapoamka nao hujikusanya polepole zaidi kuliko kwa mtoto mdogo. Kwa hiyo mwanao akikwambia saa 4 usiku kwamba hana usingizi, yaelekea anakwambia kweli, na hilo peke yake linatosha kupunguza hasira kati yenu.

Hata hivyo, kuchelewa kupata usingizi si sawa na kuhitaji usingizi mchache. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mary Carskadon na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani waliwafuatilia watoto wale wale mwaka baada ya mwaka walipokuwa wakiingia katika ujana, wakiwapa nafasi ya kulala kwa muda wa saa 10 kila usiku. Ilidhaniwa kwamba kadiri mtoto anavyokua ndivyo mahitaji yake ya usingizi yanavyopungua, lakini watoto wale waliendelea kulala takribani saa 9, na waliokwisha kupevuka ndio walioonekana kuzidiwa na usingizi mchana. Wataalamu wa tiba ya usingizi nchini humo walipendekeza mwaka 2016 kwamba mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Mwanao anayesinzia saa 7 usiku na kuamshwa alfajiri kwa ajili ya shule ana deni kubwa, na ukali wake wa asubuhi ni sehemu ya deni hilo.

Sasa nije kwenye swali lako. Unaweza kumwamuru mtu apande kitandani, lakini usingizi wenyewe hauamriki. Kadiri anavyoukazania ndivyo unavyomkimbia. Tena kuna hatari nyingine ambayo wazazi wengi hawaifikirii: kijana anayelala macho kitandani kwa saa 3 kila usiku, akiwa na hasira na hofu ya kesho, hujikuta mwili wake umezoea kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Hapo hata akichoka kweli, akigusa tu mto usingizi unaruka. Kwa sababu hiyo siungi mkono kumlazimisha azime taa saa 4 kamili wakati mwili wake bado haujawa tayari. Lakini pia siungi mkono kumwacha. Ninalokushauri ni kumsaidia awe mchunguzi wa usingizi wake mwenyewe, nawe ubaki kuwa mlinzi wa mazingira ya nyumba.

Anza kwa mazungumzo, na yasifanyike usiku wala wakati wa kumwamsha. Chagueni wakati wa utulivu, mkiwa mnafanya kazi fulani pamoja, kisha umuulize: "Kati ya 0 na 10, kulala vizuri kuna umuhimu gani kwako?" Tuseme akajibu 4. Usimuulize kwa nini si 9, maana utamfanya ajitetee. Muulize: "Kwa nini umesema 4, hukusema 1?" Hapo atalazimika kuzitafuta sababu zake mwenyewe: pengine miguu inakuwa mizito uwanjani, pengine anasoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika kitu, pengine anawafokea marafiki bila kukusudia. Wanasihi wanaowasaidia watu kubadili mazoea huuliza hivi, kwa sababu maneno ambayo mtu ameyasema kwa kinywa chake yana nguvu kuliko mawaidha ya saa nzima. Yapokee atakayoyasema na uyarudie kwa upole, bila kuongeza "nilikwambia mimi".

Akionyesha nia, mpe daftari dogo liwe lake, nawe usilikague. Kila asubuhi, kwa muda wa wiki mbili, aandike kwa makadirio alipanda kitandani saa ngapi, alipitiwa na usingizi saa ngapi, aliamka mara ngapi, aliondoka kitandani saa ngapi, na alijisikiaje mchana uliotangulia. Kisha aongeze lolote analohisi lilichangia, kama vile kinywaji alichokunywa jioni au mchezo aliocheza kwenye simu. Asitazame saa usiku ili kupata hesabu kamili, maana kutazama saa nako hufukuza usingizi. Baada ya wiki hizo mbili atakuwa na ushahidi ambao hakupewa na mama yake, nao ndio atakaouamini.

Kisha achague jambo moja tu la kubadili, na alijaribu kwa wiki nzima kabla ya kugusa jingine. Mimi ningefurahi kama angeanza na asubuhi, kwa sababu ndiko saa ya mwili inakorekebishwa: kuamka kwa wakati usiobadilika sana na kutoka nje kwenye mwanga wa jua mapema. Mwanga wa asubuhi huiwahisha saa ya mwili, na mwanga mkali wa usiku huichelewesha. Siku za mapumziko anaweza kulala zaidi, lakini isizidi saa 1 au 2; akilala hadi saa 6 mchana siku mbili mfululizo, usiku wa kuamkia shule atabaki macho, naye atadhani ana ugonjwa. Pengine yeye atataka kuanza na kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini haiuondoi uchovu, bali huikalia nafasi ya adenosini, kemikali inayojikusanya katika ubongo kadiri tunavyokaa macho na kutuletea usingizi, na kwa watu wengi nusu yake huwa bado imo mwilini saa 5 hivi baada ya kunywewa. Au ataanza na kulala mchana, ambako kunafaa kukiwa kwa dakika 20 au 30 na kabla ya saa 9 alasiri. Chaguo liwe lake, hata likiwa silo ambalo wewe ungelichagua.

Kuhusu mipaka, usiiondoe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu vijana wa Australia ulionyesha kwamba wale waliokuwa na muda wa kulala uliowekwa na wazazi walipanda kitandani mapema zaidi na kulala zaidi kuliko wenzao. Nionavyo mimi, mpaka unaodumu kwa kijana wa miaka 16 ni ule mliokubaliana: kwa mfano, simu zote za nyumbani, pamoja na ya kwako, zilale sebuleni kuanzia saa fulani, na sauti ya televisheni ipunguzwe. Kijana huuheshimu mpaka unaomhusu kila mtu. Halafu msogeze polepole. Kama sasa anasinzia saa 7, lengo la wiki ya kwanza liwe robo saa au nusu saa mapema zaidi, na saa 4 iwe ya baadaye sana.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 17. Nikiwa sebuleni nasinzia, ila nikiingia chumbani sipati hata lepe la usingizi. Nawaza mitihani, nawaza maneno niliyoambiwa shuleni, nawaza kwamba nisipolala kesho nitaharibu. Rafiki zangu wamenipa kila aina ya njia: mmoja husikiliza muziki, mwingine husali, mwingine husoma, mwingine hunywa dawa za usingizi za mama yake. Nimejaribu nyingi na hakuna iliyonisaidia. (Msomaji wa kidato cha nne)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho: dawa za usingizi alizoandikiwa mtu mwingine usiziguse, na mwambie rafiki yako hivyo hivyo, kwani kipimo chake kilipangwa kwa mwili wa mtu mzima mwenye tatizo lake.

Njia za rafiki zako hazina ubaya, lakini inaelekea umekuwa ukizijaribu kwa usiku mmoja mmoja, ukiwa umetega sikio kuona kama usingizi umekuja. Njia yoyote ikifanywa hivyo inageuka kuwa mtihani mwingine. Chagua moja inayoendana na hulka yako, uipe wiki nzima, na uipime kwa jinsi unavyojisikia mchana, si kwa dakika ulizokaa macho.

Kwa kuwa shida yako ni mawazo, jaribu kuyahamishia kwenye karatasi mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor nchini Marekani walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililofanyiwa vijana 57 wa miaka 18 hadi 30: nusu yao waliandika kwa dakika 5 kabla ya kulala mambo wanayopaswa kuyafanya siku zijazo, na nusu wakaandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walipitiwa na usingizi mapema zaidi kwa takribani dakika 9, na walioyaandika kwa kuyachambua moja moja walisinzia haraka zaidi. Kwa hiyo usiandike "hesabu" tu. Andika: "Kesho baada ya masomo, kurudia maswali matatu niliyokosa, la pili nimuulize mwalimu." Fanya hivyo ukiwa mezani, ufunge daftari, ndipo uingie chumbani.

Ukiwa kitandani na ukahisi kama dakika 20 zimepita bila usingizi, inuka. Njia hii ilielezwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972, na mpaka leo imo katika tiba ya kukosa usingizi: keti kwenye kiti, katika mwanga hafifu, ufanye jambo tulivu lisilokuchangamsha, na urudi kitandani pale tu macho yanapokuwa mazito. Usiku wa kwanza unaweza kuinuka mara kadhaa, na asubuhi utaamka kwa wakati wako wa kawaida hata kama umechoka. Unaonekana ukali, lakini ndio unaoufundisha mwili wako kwamba kitanda ni cha usingizi. Ukishazoea, sala yako au kitabu cha rafiki yako vinaweza kuwa ndilo jambo la kufanya pale kitini.

Ile hofu kwamba usipolala utaharibu mtihani, ijibu kwa ukweli huu: baada ya usiku mmoja mbaya, mwili huongeza usingizi mzito usiku unaofuata, na watu wengi hufanya kazi zao vizuri kuliko walivyohofia. Lakini kama maneno uliyoambiwa shuleni yanakuumiza kila siku, hilo halitatibiwa kwa mbinu za usingizi; mwambie mtu mzima unayemwamini. Na ikitokea ukawaza kwamba afadhali usiwepo, usingoje kupambazuke, mwamshe mtu wa nyumbani umwambie usiku huo huo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Vipindi viwili vya kwanza nusu ya darasa huwa wameinamia madawati. Nawaadhibu bila mafanikio. Je, shule inaweza kufanya nini? (Mwalimu wa darasa)

JIBU: Mwalimu, kama nilivyomweleza mama hapo juu, wengi wa hao wameamshwa wakati miili yao ingali katika usiku. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri masomo ya sekondari yasianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na tangu Julai 2022 sheria ya jimbo la California inazitaka shule nyingi za sekondari za juu zifuate muda huo. Wewe peke yako huna mamlaka ya kubadili ratiba, ila unaweza kulipeleka suala hilo kwenye kikao cha wazazi na walimu. Darasani, acha adhabu, kwani hakuna aliyewahi kulipa deni la usingizi kwa kuadhibiwa. Fungua madirisha mwanga uingie, weka kazi za kusimama na kujadiliana katika vipindi hivyo, na usitoe kazi za nyumbani zitakazowafanya wakeshe.

Unaweza pia kulifanya darasa zima lichunguze usingizi wake kwa daftari nililolieleza, kila mwanafunzi akitunza lake kwa siri, kisha wajadili kwa pamoja yaliyowasaidia. Vijana husikilizana kuliko wanavyotusikiliza sisi. Ila mwanafunzi anayelala kwa muda wa saa 9 na bado anaangukiwa na usingizi katikati ya mazungumzo, au ambaye wenzake wa bweni wanasema hukoroma na kukatika pumzi usiku, au ambaye kwa miezi mitatu amekosa usingizi angalau mara tatu kwa wiki, huyo usimwachie daftari peke yake. Zungumza na wazazi wake wampeleke kwa daktari, na daftari hilo alichukue, kwa sababu daktari atauliza maswali yale yale.