Nyumba kuukuu, warithi na haraka za dalali

Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na tangu hapo kila mwenye vyumba vinne na ua hapa mjini Kigoma, mtaa wa Mwanga, anajiona amekalia dhahabu. Maswali ya nyumba za kununua na kukarabati yamezidi mengine yote. Nimechagua machache. Waliouliza tu "nyumba nzuri ya bei nafuu iko wapi" sijawajibu na sitawajibu.

*Shikamoo mzee. Nimeonyeshwa nyumba Ujiji, ya udongo, bati limeoza lakini ua ni mkubwa na una mwembe. Dalali anasema kuna mtu wa Kahama anakuja keshokutwa na pesa taslimu, hivyo nitangulize milioni mbili leo. Nifanyeje? – Msomaji, Mwanga*

Marahaba mwanangu. Huyo mtu wa Kahama namfahamu. Mwaka jana alikuwa mtu wa Mwanza, na kabla ya hapo alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, na hajawahi kushuka garini. Mwache aje anunue. Kama yupo kweli, atakuwa amekuondolea kesi.

Wewe mwulize dalali jambo moja: anayeuza ni nani? Simaanishi aliyempigia simu. Nyumba nyingi kuukuu za Ujiji zilijengwa na babu. Babu alifariki, mirathi haikufunguliwa, watoto wakatawanyika: mmoja Mpanda, mmoja Dar, wawili wako ng'ambo ya ziwa, Kalemie au Uvira. Anayekuuzia ni yule aliyebaki na funguo, na kubaki na funguo hakumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba. Unachotaka kukiona ni barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Wengi watakuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye sahihi kumi na dole gumba tatu. Huo unampendekeza tu. Anayeteua ni mahakama. Na hata akiwa na barua, anauza kwa niaba ya warithi, kwa hiyo waone hao warithi, waweke sahihi mbele ya wakili. Hesabu na dada zao. Nasema hili kila mara na kila mara naletewa mkataba uliosainiwa na kaka watatu, huku dada wawili walioolewa Kasulu hawana habari. Dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Ni muda wa kutosha kwako kuezeka, kuweka marumaru na kupanda maua kabla dada hajashuka kwenye basi.

Kama muuzaji yuko hai na nyumba ni yake, mwulize kuhusu mke. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa inasema hivyo tangu 1971. Kwa Ujiji, ukiuliza kuhusu mke, uliza pia kama ni mmoja.

Milioni mbili zibaki mfukoni.

*Mwenyekiti wa mtaa anadai asilimia kumi ya bei ndipo agonge muhuri. Ni halali? – Mnunuzi, Gungu*

Mwombe akuonyeshe sheria. Hatakuonyesha. Mwenyekiti anafaa sana kama shahidi, maana anajua nani amekaa pale tangu lini, na soda ya heshima haimdhuru mtu. Asilimia kumi ninayoijua mimi ni ya TRA, mamlaka ya mapato, inatozwa kwenye faida aliyopata muuzaji, na anayeilipa ni muuzaji. Akikushawishi uibebe wewe, basi ipunguzwe kwenye bei na iandikwe.

*Nyumba niliyonunua Katubuka ni ya tofali mbichi. Fundi anasema nibomoe yote nianze upya kwa bloku. Mwalimu mwenzangu anasema nipige plasta ya saruji tu. Nani yuko sahihi? – Mwalimu*

Wote wawili wamekosea, na fundi wako anatafuta kazi ya miezi sita.

Ukuta wa tofali mbichi ukiwa mkavu unadumu kuliko mwenye nyumba. Adui yake ni maji, na maji huingia kwa njia mbili: juu, bati likivuja au upenu ukiwa mfupi, na chini, pale matone ya mvua yanaporuka kutoka ardhini na kula mguu wa ukuta. Kwa hiyo anza na paa. Toa upenu nje kiasi cha nusu mita au zaidi, mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla hazijapanda juu, na ukienda kununua bati kumbuka geji 28 ni nene kuliko 30, usidanganywe na ukubwa wa namba. Kisha chimba mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Mguu wa ukuta ulioliwa unajengwa upya kwa mawe, kipande kwa kipande, usiufumue wote siku moja.

Plasta ya saruji juu ya udongo ndiyo inayoua nyumba za mji huu. Saruji ni ngumu na udongo ni laini, havitanuki wala kusinyaa pamoja. Nyufa zikitokea, maji yanapita nyuma ya plasta na hayana pa kutokea; udongo unalainika kimyakimya, na msimu wa pili au wa tatu plasta inadondoka ikiwa imebeba nusu ya tofali. Piga plasta ya udongo na mchanga, umalizie kwa chokaa. Ni rahisi, na saruji tunayoisafirisha mpaka huku kwa gharama ile itumie kwenye sakafu na choo.

Bomoa pale tu ukuta unapolalia nje, au ufa umekata mshazari kutoka juu hadi chini na mkono unapita. Na usimruhusu fundi yeyote kukuwekea zege la ghorofa juu ya kuta hizo, hata akiapa.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza. Ua wa zamani una mashimo ya vyoo vya zamani, wakati mwingine matatu au manne, yaliyojaa yakafukiwa na kusahaulika. Ukijenga jiko jipya juu yake, sakafu itazama. Nenda kwa bibi jirani, msalimie vizuri, kaa kidogo, umwulize choo kilikuwa wapi. Fundi hajui, dalali hajui, yeye anajua.

*Kuna nyumba Kibirizi karibu kabisa na maji, inauzwa bei ya kutupa. – Kijana, Mwanga*

Bei hiyo ina sababu. Ziwa limepanda miaka ya karibuni na kuingia majumbani mwa watu, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima kwa hatua zako, halafu rudi nyumbani.

*Nimepewa karatasi ya mauziano ya mwaka 1987, ya mkono, hakuna hati. Inatosha? – Mama wa Buzebazeba*

Mama, hiyo karatasi inasema nani alipokea pesa mwaka 1987. Haisemi nani anamiliki leo. Nenda ofisi ya ardhi, uliza kama kiwanja kimepimwa, kama kina namba kwenye mchoro wa mipango miji, na mchoro unasema pale ni makazi au ni barabara. Kama kimesajiliwa, lipia upekuzi rasmi ujue kama kina mkopo wa benki au zuio la mahakama. Kisha zunguka nyumba yenyewe. Ukikuta ukuta mmoja tu, unaoelekea njiani, umepakwa rangi mpya, kwaruza kidogo kwa kucha uone kama chini yake hakuna X nyekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa.

*Mlango wa nakshi wa nyumba niliyonunua Ujiji, mtu anautaka kwa pesa nzuri. Niuze? – Msomaji, Rusimbi*

Usiuguse kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, na kuuza kunahitaji kibali. Na hata bila sheria: umenunua nyumba ya zamani ili uing'oe uso?

*Mwaka mzima natafuta nyumba ya kukarabati. Kila nikifika, imeshauzwa. – Fundi cherehani, Gungu*

Kwa sababu unafika na dalali, na dalali husikia mwisho. Nyumba kuukuu hujulikana mapema na fundi anayeziba bati kila masika, na mpangaji aliyeambiwa atafute pengine. Hao ndio uongee nao. Wewe una cherehani: nusu ya Gungu inakuja kwako kupunguziwa suruali. Sema tu kwamba unatafuta. Kisha kagua wakati wa mvua, Machi au Aprili. Nyumba za kuuza hupakwa rangi Septemba, zikiwa kavu na zinanukia upya, na hapo hata mimi ningedanganyika.

Ukipata jirani anayekwambia "ile ya mzee fulani, watoto wanagombana", usifurahi kwamba itakuwa rahisi. Ondoka mpaka wamalize kugombana.

*Mtumishi mmoja ananiuzia nyumba ya shirika anayokaa, amenipa na risiti. – Msomaji, Bangwe*

Hapana. Anayelala ndani ya nyumba ya mwajiri wake hana cha kukuuzia zaidi ya kitanda chake, na aliyekuandikia hiyo risiti anajua.