Nina stashahada ya kilimo, nataka kutangaza TBC Taifa

Mdogo wangu, umeuliza kama stashahada ya kilimo inakufungia mlango wa redio ya taifa. Haikufungii, ila peke yake haitoshi. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, mwandishi anatakiwa awe na ithibati, yaani idhini rasmi ya kufanya kazi ya habari, na kanuni zake zinataka angalau stashahada ya uandishi wa habari. Ajira za TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania, nazo hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa hiyo sauti nzuri bila cheti itaishia kwenye mchujo wa makaratasi.

Lakini kilimo usikitupe! Watangazaji wanaojua mpira ni wengi kuliko viwanja. Anayeweza kumbana ofisa ugani kuhusu viwavijeshi ni adimu. Huo ndio upenyo wako. Na ukishaingia, unaweza kufika mbali. Mtazame mtangazaji Tido Mhando: alianza Radio Tanzania Dar es Salaam, akaja kuongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha TBC yenyewe.

Ukiwa chuoni ukisomea uandishi wa habari, jitolee kwenye redio jamii ya karibu. Malipo ni kidogo, mara nyingine hakuna, lakini utasoma habari, utahariri sauti na kwenda shambani na kinasa sauti wiki hiyo hiyo.