Mhakiki kupakia ombi la ruzuku ya NIH kwenye ChatGPT

Je, mhakiki, yaani mtaalamu anayetathmini maombi ya fedha za utafiti, anaweza kupakia ombi kwenye ChatGPT, programu ya akili unde (AI)? Hapana, hairuhusiwi. NIH, taasisi za afya za taifa za Marekani zinazofadhili utafiti, ilipiga marufuku Juni 2023, kwa tangazo NOT-OD-23-149: mhakiki haruhusiwi kutumia akili unde kuchambua ombi wala kuandika tathmini yake. Sababu kubwa ni usiri. Ukishabandika maandishi kwenye programu ya mtandaoni, hakuna anayeweza kukuhakikishia yanahifadhiwa wapi, nani atayasoma au kama yatatumika kufundishia modeli za akili unde, na mle ndani kuna wazo la mtu ambalo bado halijachapishwa. Hata kubandika rasimu ya tathmini yako ili inyooshwe lugha ni kosa, maana nayo imebeba yaliyomo kwenye ombi. Wengi hunasa hapo.

Kwa mwombaji mambo ni tofauti: anaweza kusaidiwa kidogo, ila marejeo ya kubuni au maneno yaliyonakiliwa kwa wengine yakiingia, lawama ni yake. Tangu 25 Septemba 2025, ombi lililoandikwa kwa sehemu kubwa na akili unde halipokelewi kama kazi yake. Wafadhili wengine wana masharti yao, kwa hiyo soma tangazo la mfadhili unayemhakikia maombi.