Nyoka kijijini: anza na panya, oili chafu achana nayo

Mkuu uliyeuliza kuhusu swila uliyemkuta nyuma ya jiko, na majirani wanakwambia umwage oili chafu na vitunguu saumu kuzunguka nyumba, mimi nipo huku Kilosa vijijini, nimezaliwa hukuhuku na nalima mahindi na ufuta mpaka leo, ngoja nikujibu kwa urefu maana hii ishu inaua watu kwa vitu vinavyozuilika kabisa. Shirika la Afya Duniani wanakadiria vifo vya kung'atwa na nyoka ni kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani kote, na wengi ni wakulima na wafugaji kama sisi.

Oili chafu haifukuzi nyoka. Vitunguu, salfa, chumvi, kuchoma tairi, vyote nimeona watu wanatumia na nyoka anapita palepale, tena hiyo oili mvua ikinyesha inaishia kisimani. Nyoka hajatumwa na mtu, anafuata msosi: panya, vyura, mayai, vifaranga. Kwa hiyo jiulize kwanza panya wako wanakula nini na wanajificha wapi.

Huku kwetu jibu ni mahindi. Watu wakishavuna wanapanga magunia chumba hichohicho wanacholala kwa kuogopa wezi, na hofu hiyo naielewa. Binti wa jirani yangu alikuwa analala kwenye mkeka pembeni ya magunia, usiku akahisi kitu kimemng'ata kidole akajua ni panya tu, akalala, asubuhi mkono umevimba hadi kiwiko na kidole kinaanza kuwa cheusi. Magunia yalipotolewa akakutwa swila, yule wa kutema mate. Ndo tabia yake huyo, anaingia ndani usiku kuwinda, mtu akijigeuza usingizini anang'atwa. Wakampeleka kwanza kwa mtu wa jiwe jeusi, lile linalobandikwa kwenye jeraha eti linyonye sumu, wakamkaza kamba ya katani juu ya kiwiko, hospitali wamefika kesho yake. Binti yupo hai ila kidole kilikatwa, na mimi nikimuona anapeta mchele na ule mkono roho inaniuma sana.

Kwa hiyo toa nafaka chumbani. Kihenge changu kipo nje juu ya nguzo zinazofika kiunoni, kila nguzo nimeivalisha bati la debe nililolikunja mdomo mpana ukaangalia chini, panya akipanda anafika pale anakwama anarudi. Kisikaribiane na mti wala ukuta maana panya ataruka. Kama huna nafasi ya kihenge basi angalau wanaolala chini walale kitandani, na neti ichomekwe chini ya godoro pande zote, inazuia mbu na inazuia nyoka. Kuni weka juu ya kichanja. Ukitaka kuzichukua gonga na fimbo kwanza, usiingize mkono tu. Mayai okota kabla ya giza.

Nje ya nyumba anayenitisha zaidi ni kifutu. Wengine wakisikia mshindo wa miguu wanaondoka, yeye anatulia hapohapo kwenye majani makavu anaamini humuoni, na kweli humuoni, mpaka umkanyage. Ndo maana tochi usiku ni lazima hata kama choo kipo hatua chache tu, na wakati wa palizi vaa gambuti, kama huna basi kiatu chochote kinachofunika kifundo. Koboko yeye ana makazi, kichuguu au pango la mti, na anarudi palepale, sasa ukishajua anapokaa waambie watoto wote na wachunga mbuzi wapitie njia nyingine. Usimfuate na panga, watu wengi wanang'atwa wakijaribu kumuua.

Swila akikutemea machoni osha kwa maji mengi, kama robo saa hivi, usisugue, kisha nenda kituo cha afya.

Nyoka akimng'ata mtu: vua pete, bangili na viatu haraka kabla hajavimba, mtulize, funga kibao na kanga kwenye huo mguu au mkono usitikisike, angalia saa ni ngapi, ondokeni. Usikaze kamba, usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa. Kamba kwa kifutu na swila inabana sumu sehemu moja nyama inaoza. Kwenye boda mgonjwa akae katikati, dereva mbele na mtu nyuma anamshikilia, kwa sababu sumu ya koboko inalegeza mwili mpaka pumzi na anaweza kudondoka njiani.

Na fanya hili kesho asubuhi, usisubiri mtu ang'atwe: piga simu au pita hospitali za karibu uulize nani ana dawa ya sumu ya nyoka, maana zahanati nyingi hazina na mnaweza kupoteza masaa mkizunguka. Namba ya hiyo hospitali na ya dereva wa boda anayekubali kutoka usiku ziandike ukutani. Mkipeleka mtoto msishangae kuona anawekewa dozi ileile ya mtu mzima, ndivyo inavyotakiwa, sumu aliyoingiziwa ni ileile.