Maswali yenu: sabuni ya mawese, nta ya nyuki na jani la gimbi

SWALI: Mwanangu, habari za kazi. Mimi napika sabuni ya mawese hapa Ujiji, mwaka wa kumi na moja huu. Binti yangu anasoma baiolojia chuo, juzi karudi likizo kanikuta nakoroga akaniambia eti mama hiyo sabuni yako na ngozi ya seli ni ndugu wa damu. Nikamcheka, ila usiku nimelala nawaza. Ni kweli au kaja kunionyesha usomi tu?
(Mama wa sabuni, Ujiji)

JIBU: Shikamoo mama. Binti hajakudanganya, na mimi swali lako limenifurahisha kuliko yote mwezi huu kwa sababu nimekulia Mwandiga, harufu ya mawese yakichemka naijua toka utotoni.

Iko hivi. Mafuta yako yana mikia mitatu mirefu imefungwa pamoja kwenye gliserini. Ukimwaga maji ya kostiki (vaa glavu mama, tafadhali, ile kitu haina huruma na macho wala mikono) ile mikia inakatika, kila mmoja unabaki peke yake na kichwa chake kidogo. Kichwa kinapenda maji, mkia hauyataki kabisa, na hiyo ndo sabuni. Ikiingia kwenye maji mikia inakimbilia ndani, vichwa vinabaki nje, inakuwa vitufe vidogo vya mviringo, yale mafuta ya sufuria yanaingia humo katikati na kuondoka na maji.

Sasa seli nayo, kutengeneza hiyo ngozi yake inayoitwa utando, inatumia kitu kinaitwa fosfolipidi, kichwa kimoja ila mikia miwili. Utasema mkia mmoja tu umeongezeka, kuna nini hapo? Kuna kila kitu! Mwenye mkia mmoja ana umbo la karoti, mpana juu mwembamba chini, ukiwapanga wengi lazima wajikunje wawe mviringo. Mwenye miwili amenyooka kama gogo, ukiwapanga wanalala bapa kama mkeka, na inakuwa mikeka miwili imegusana mkia kwa mkia, halafu kwa kuwa kingo zake haziwezi kukaa wazi kwenye maji unajifunga wenyewe unakuwa mfuko. Hakuna fundi wala moto. Unene wake ni nanomita 4 au 5 hivi, yaani upange tando kama 200,000 ndo upate milimita moja, na huo ndo unaotenganisha uhai wako na maji ya nje.

Walijuaje ni tabaka mbili? Mwaka 1925 kule Uholanzi, Gorter na Grendel walichukua seli nyekundu za damu, wakakamua mafuta yake wakayatandaza juu ya maji, wakapima eneo, wakakuta ni kama mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Lakini mtu ambaye ningependa umjue wewe ni Agnes Pockels wa Ujerumani. Enzi zake wanawake hawakupokelewa chuo kikuu, alikuwa nyumbani anauguza wazazi na kuosha vyombo, akaanza kuangalia jinsi mafuta yanavyotanda juu ya maji ya kuoshea, akatengeneza kisinia chake cha kupimia. Mwaka 1891 barua yake kwa mwanasayansi Rayleigh ikachapishwa kwenye jarida la Nature, na watafiti wa tando mpaka leo wanatumia sinia la aina hiyohiyo. Jikoni mama!

Kitu kingine unakiona kila asubuhi ya Juni au Julai. Dumu lako la mawese, chini yamekaa mazito ya njano njano kama uji, juu mekundu yanachuruzika. Yale ya chini mikia yake imenyooka, inabanana vizuri ndo maana yanaganda, ya juu mikia imepinda kama kiwiko haiwezi kubanana. Samaki wa maji ya baridi anafanya hesabu hiyohiyo mwilini, anaongeza mikia iliyopinda ili ngozi za seli zake zisigande.

Na ule wakati wa korona tulipoambiwa tunawe na sabuni, sababu ni huo undugu. Kirusi kile kimejifunika utando wa mafuta, sabuni inajipenyeza katikati ya ndugu zake na mfuko unapasuka. Tando hizohizo zinatumika kwenye dawa pia: chanjo ya malaria ya RTS,S, ile WHO iliyoipendekeza Oktoba 2021, ndani ina vimfuko vya mafuta vinavyoitwa liposomu pamoja na kitu kinachotoka kwenye gamba la mti wa Chile, kazi yake kuamsha kinga ya mwili. Kwa sisi wa Kigoma tunaoijua malaria hiyo sio habari ndogo.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi nina mizinga huku Sikonge, asali inauzika ila nta nyingi naitupa au nauza kwa bei ya kutupa. Nasikia wenzetu wanaifanya mbadala wa plastiki, inawezekana?
(Mfuga nyuki, Tabora)

JIBU: Usitupe tena ndugu yangu, naomba kabisa. Nta ni mafuta ya jamii hiyohiyo tuliyoongea hapo juu, ila yenyewe ina mikia mirefu pande zote na karibu haina kichwa cha kupenda maji, kwa hiyo inayafukuza. Nyuki anaitoa tumboni kwa vitezi jozi nne, vijipande vyembamba kama magamba ya dagaa, bila kiwanda, mzinga ukiwa kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Hapo ndo watafiti wa vifaa wanapojifunza, maana plastiki inatokana na mafuta ghafi na inapikwa kwa joto kubwa sana.

Chukua kitambaa safi cha pamba, nyunyiza nta uliyokwangua, weka karatasi juu na chini, piga pasi mpaka iyeyuke isambae, anika. Kikipoa unafunikia bakuli au kufungia mkate, joto la mkono linakilainisha kinashika. Osha kwa maji ya baridi tu kwa sababu nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, ugali wa moto usifungie humo, na nyama au samaki mbichi usiweke maana huwezi kukichemsha ukaua vijidudu. Toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 watu wanatafuta vifungashio, soko unalo.

Na nyuki wana zawadi nyingine: kuna hamira ilipatikana mara ya kwanza kwenye asali ya wale nyuki wakubwa wenye manyoya wa nchi za baridi, ukiilisha sukari na mafuta inakutengenezea sabuni yenyewe, inaitwa soforolipidi, inaoza vizuri na saivi inawekwa kwenye sabuni za vyombo. Mama wa Ujiji na wewe mngekutana mngeongea mengi.

SWALI: Kwa nini jani la gimbi halilowi?
(Kidato cha tatu, Kasulu)

JIBU: Lina vipele vidogo ambavyo jicho halivioni, na juu ya vipele kuna nta. Tone linakalia ncha tu, chini kuna hewa, kwa hiyo linabiringika na kubeba vumbi. Barthlott, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alilieleza hilo mwaka 1997 kwa jani la yungiyungi, na zikatoka rangi za ukuta zinazojisafisha mvua ikinyesha. Jaribu hivi: sugua nusu ya jani kwa kidole kwa nguvu, kisha mwagia maji, utaona upande gani umelowa.