Megapikseli sawa, mbona bei hazilingani?
Kaka, umeuliza kwa nini kamera ya Canon EOS R6 iizidi bei kamera ya Sony W800 kiasi hicho wakati zote zina megapikseli 20. Tazama sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga; kikiwa kikubwa, hukusanya mwanga mwingi zaidi. Ya R6 ni milimita 36 kwa 24. Ya W800 ni kama 6.2 kwa 4.6, eneo dogo karibu mara 30. Mchana wa jua kali, ukiangalia picha kwenye simu, tofauti haikusumbui. Ingia ukumbini usiku, harusi imepamba moto: W800 itamjaza bibi harusi chengachenga usoni, na akicheza anatoka na ukungu. R6 inalilenga jicho lake na kulifuata. Ila hesabu na lenzi, maana bei ya R6 mara nyingi ni ya bodi tupu, yaani kamera bila lenzi. Kwa picha za nyumbani tu, W800 inakutosha.